Kitanda Hakizai Haramu: Baba wa Kudhaniwa Mbele ya Maabara ya Wandegeya

Umama hushuhudiwa na mkunga, lakini ubaba, tangu binadamu waanze kuishi kwa sheria, umekuwa jambo la kudhaniwa, na lugha ya sheria ya Kiingereza ina kivumishi chake rasmi kwa mwanamume anayesimama hapo katikati. Humwita "putative father", yaani mtu ambaye mahakama na jamii humhesabu kuwa baba wa mtoto kwa sababu ya dalili zilizopo, mpaka atokee mwenye ushahidi wa kuivunja dhana hiyo. Kivumishi hicho hakisemi kwamba mtu huyo ni baba wa uongo, wala hakisemi kwamba anasingiziwa. Anayedaiwa ni yule ambaye mtu mmoja amemtaja na bado hakuna aliyekubali, na anayejifanya ni yule anayejua kuwa siye, ilhali anayedhaniwa ni yule ambaye watu wenye akili zao, wakitazama ndoa yake, nyumba yake na mwenendo wake kwa mtoto, wana sababu ya kumchukulia kuwa ndiye. Kitenzi cha Kilatini ambamo neno hilo limetoka, putare, kilikuwa na maana ya kupogoa na ya kukagua hesabu pamoja na ile ya kudhani, kwa hiyo dhana inayozungumzwa hapa ni ile iliyopimwa na kupunguzwa matawi, tofauti kabisa na uvumi. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea Kampala, ambako tangu mwaka 2023 baba wa kudhaniwa ameanza kutazamwa kama mtu aliyekwisha kudanganywa, aliyebakiza tu kupewa majibu yake.

Mwaka huo Maabara ya Serikali ya Uchunguzi iliyoko Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni sumu, damu na vielelezo vya kesi za jinai, ilianza kupokea wanaume wengi kuliko ilivyozoea, waliotaka kupimwa vinasaba, yaani chembechembe za urithi zinazobebwa na seli za mwili, ili wajue kama watoto wanaowalea ni damu yao. Matangazo ya vipimo hivyo yakaenea mjini, maabara za watu binafsi zikachangamkia biashara, na Wizara ya Afya ikalazimika kuwatahadharisha wananchi dhidi ya maabara zisizoidhinishwa. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Simon Peter Mundeyi, amewaeleza wanahabari kwamba sehemu kubwa mno ya wanaume wanaofika kupima huondoka na majibu ya kuwakana, na kauli hiyo ikageuka mazungumzo ya vijiweni, mahubiri ya Jumapili na mizaha ya redio, kiasi kwamba hata viongozi wa dini na wa koo wakajikuta wanawasihi wanaume wasivunje nyumba zao kwa sababu ya karatasi.

Kabla ya kuuliza karatasi hiyo inafaa nini, ni vizuri kuuliza inatoka kwa nani. Mwanamume anayekwenda Wandegeya kwa hiari yake kwa kawaida amekwisha kugombana na mkewe, amesikia maneno kwa majirani, au amepiga hesabu ya miezi na hesabu haikukubali, na kusoma majibu ya watu wa namna hiyo kama picha ya ndoa zote za Uganda ni sawa na kuhesabu waliolazwa Mulago na kutangaza kwamba hiyo ndiyo afya ya Kampala. Mwaka 2006 mwanaanthropolojia Kermyt Anderson alikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali katika jarida la Current Anthropology na kuzitenga kwa kigezo hicho hicho cha imani: miongoni mwa wanaume waliokuwa na hakika ya ubaba wao, waliobainika si baba walikuwa takriban asilimia 1.7, na miongoni mwa wale waliokuwa na shaka tangu mwanzo, wengi wao wakiwa wamepimwa kwa sababu ya mgogoro, walikuwa karibu asilimia 30. Tafiti hizo hazikufanywa Kampala, na hakuna anayepaswa kuzihamishia Kampala tarakimu kwa tarakimu, lakini zinaonyesha jambo ambalo takwimu za maabara peke yake haziwezi kulionyesha, nalo ni kwamba dhana ya kawaida ya mwanamume wa kawaida kuhusu mtoto wake hupatia mara nyingi sana, na kwamba hata mwenye shaka mara nyingi ana shaka ya bure.

Wala upimaji wenyewe si mgeni Buganda. Kasisi John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichotoka mwaka 1911, aliandika kuhusu sherehe ya okwalula abaana, ambamo watoto wa ukoo walikusanywa ili watambuliwe rasmi kuwa wa ukoo huo na kupewa majina yake. Kila mama alikuja na kipande cha kitovu cha mwanawe, alichokihifadhi tangu kilipokauka na kudondoka, kikapakwa siagi na kutumbukizwa katika chombo chenye maji, maziwa na pombe ya ndizi mbele ya wazee. Kitovu kilichoelea kilimthibitisha mtoto kuwa wa ukoo, na kilichozama kilimtoa. Mtu wa leo hukimbilia kuucheka ushahidi huo, na kweli kitovu hakijui baba yake, lakini anayeicheka sherehe hiyo haraka huikosa siagi. Kitu kikavu na chepesi kilichopakwa mafuta hakizami kwa urahisi, na ni vigumu kuamini kwamba wanawake waliokiandaa kizazi baada ya kizazi hawakulijua hilo. Kipimo kilikuwepo, hofu yake ilikuwepo, na bado kilikuwa kimepangwa hivi kwamba karibu kila mtoto akipite, kwa kuwa lengo la shughuli lilikuwa kumwingiza mtoto katika ukoo mbele ya mashahidi. Baada ya siku hiyo mtoto alikuwa na kika, yaani ukoo, alikuwa na muziro, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo wake haukili, alijua asioe wapi na atazikwa wapi, na mzee aliyetaka kurudi nyuma kuuliza habari za usiku fulani alikuwa amechelewa.

Pwani ya Waswahili ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine, na ikalifunga jambo katika methali ya maneno matatu, kwamba kitanda hakizai haramu. Nyuma ya methali hiyo ipo kanuni ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inayomhesabu mtoto kuwa wa kitanda cha ndoa alimozaliwa, madhali zimepita angalau miezi sita tangu ndoa kufungwa, na inayomwachia mume mlango mmoja tu wa kumkana, nao ni liani, ambayo ni kiapo kizito cha mume na mke mbele ya kadhi, kila mmoja akijitakia laana au ghadhabu ya Mungu iwapo anasema uongo, na ambacho matokeo yake ni ndoa kuvunjika moja kwa moja. Warumi walikuwa na kanuni yao kwamba baba ni yule anayeonyeshwa na ndoa. Waingereza waliipokea kanuni hiyo na kuikaza zaidi, kwani katika kesi ya mwaka 1777 Jaji Mansfield alisema kwamba mume na mke hawaruhusiwi kutoa ushahidi wa kutokutana kimwili ili kumfanya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa yao aonekane haramu. Waliipeleka India katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872, ambayo ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika huku mama akiwa hajaolewa tena, ni wa mume huyo bila mjadala, ila ikithibitika kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana, na sheria hiyo ya India ndiyo iliyokuwa mama wa sheria za ushahidi za Afrika Mashariki.

Kwa mtoto wa nje ya ndoa hadithi ilikuwa chungu zaidi, na hapo ndipo kile kivumishi rasmi kilipofanya kazi yake nyingi. Bunge la Uingereza lilipotunga mwaka 1576 sheria ya kumlazimisha mwanamume anayesemekana kuwa baba alipe gharama za mtoto, lililokuwa linalisumbua lilikuwa mzigo wa parokia, kwa kuwa mtoto asiye na baba alilishwa kwa kodi za wenyeji, na karne tatu baadaye sheria ya mwaka 1872 ilikuwa bado inamwita mtu huyo baba wa kudhaniwa na kumtoza kwa wiki. Sheria za namna hiyo, zilizompa mwanamke asiye na mume haki ya kumshtaki baba wa kudhaniwa ili alipe matunzo, zililetwa pia Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na historia yake baada ya hapo haipendezi. Kenya iliipata ya kwake mwaka 1959, na mwaka 1969 Bunge lililojaa wanaume likaifuta, baadhi ya wabunge wakidai kwamba inawapa wasichana sababu ya kuzaa ovyo na kwamba si ya Kiafrika, kana kwamba kumtelekeza mtoto ndio uafrika. Ilibidi Wakenya wangoje Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 53 iliwapa baba na mama wajibu ulio sawa hata kama hawakuoana. Tanzania haikuifuta ya kwake ila iliiacha izeeke, hata ukafika wakati ambapo kiwango cha juu cha matunzo kilichotajwa na sheria kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, fedha isiyonunua hata sabuni, mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoiondoa.

Uganda ilifanya vizuri zaidi ya majirani zake, na mapema. Sheria ya Watoto iliyotungwa mwaka 1996 ilimpa mama, baba, mlezi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu wa karibu, haki ya kwenda mahakamani kuomba tamko la uzazi, yaani uamuzi kwamba fulani ndiye mzazi wa mtoto, na maombi hayo yanaweza kuletwa hata mimba ikiwa bado haijazaliwa. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai, lakini sheria inaorodhesha mambo ambayo kila moja linatosha kuwa ushahidi mpaka upingwe: jina la mwanamume katika daftari la vizazi, hati iliyosainiwa na wazazi wote wawili ambamo mwanamume anakiri, au amri ya mahakama ya matunzo iliyokwisha kutolewa. Kipimo cha damu kimo, lakini kimewekwa mikononi mwa mahakama, ambayo inaweza kukiamuru inapoona kitasaidia. Tamko likishatolewa, mtoto anakuwa na hadhi ile ile kwa baba huyo kama mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, na hapo neno la kudhaniwa linaondoka katika sentensi. Katiba ya mwaka 1995 inatembea katika njia hiyo hiyo, kwani ibara ya 34 inampa mtoto haki ya kuwajua na kulelewa na wazazi wake au na wale ambao sheria imewapa haki ya kumlea, na ibara ya 11 inakwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba mtoto asiyezidi miaka mitano aliyeokotwa nchini, ambaye wazazi wake hawajulikani, atahesabiwa kuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa. Taifa zima limekubali kuwa mzazi wa kudhaniwa wa mtoto ambaye halina ushahidi wowote kuhusu damu yake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba taifa limedanganywa.

Wale wanaodhani kwamba maabara imekuja kuiondoa dhana na kuleta hakika wangefaidika kuangalia jinsi maabara inavyofanya hesabu zake. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mtoto na la mwanamume, na pengine la mama, kisha hutazamwa sehemu zaidi ya kumi na tano za vinasaba ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na katika kila sehemu mtoto lazima awe amepokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Nakala zisipolingana katika sehemu kadhaa, mwanamume ameondolewa, ingawa tofauti ya sehemu moja peke yake haitoshi, kwa sababu vinasaba navyo hubadilika kidogo katika kurithishwa. Zikilingana zote, maabara haisemi kwamba ndiye, bali hutoa uwezekano, asilimia 99.9 na tarakimu zaidi, na uwezekano huo hupatikana kwa kanuni iliyotolewa na Erik Essen-Möller wa Sweden mwaka 1938, ambayo kwa desturi huanza kwa kuchukulia kwamba, kabla ya kipimo, mwanamume huyo alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuwa baba. Nusu hiyo haikutoka katika mate ya mtu yeyote. Ni dhana iliyowekwa mezani ili hesabu iweze kuanza, na hulinganisha mwanamume aliyepimwa na mwanamume mwingine yeyote asiye ndugu yake, kwa hiyo pale ambapo mshindani ni kaka yake, jambo ambalo katika nyumba za ukoo na mila za kurithi wajane si la ajabu, majibu huhitaji uangalifu ambao mteja mwenye hasira haulizi na karatasi yake haimwelezi.

Inafaa pia kukumbukwa kwamba kipimo hiki kilipoanza kutumika kwa watu hakikuanza kwa kuvunja nyumba. Alec Jeffreys alikigundua katika Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1984, na kesi ya kwanza iliyofuata, mwaka 1985, ilihusu kijana wa familia ya Ghana ambaye maofisa wa uhamiaji wa Uingereza walikataa kuamini kwamba ni mtoto wa mama aliyemdai, mpaka vinasaba vilipoonyesha kwamba ni wake na kijana akaruhusiwa kubaki na familia yake. Katika mahakama za familia za Uganda nako, kipimo kimekuwa silaha nzuri ya mama maskini dhidi ya mwanamume anayekana mimba, na anayependekeza kukipiga marufuku atakuwa anamrudisha mama huyo katika enzi za neno lake dhidi ya neno la mwenye pesa.

Upande wa mwanamume aliyedanganywa nao hauwezi kupuuzwa. Kumlipia mtoto ada kwa miaka mingi, kumjengea, kumtaja katika wosia, kisha kugundua kwamba mke alijua tangu siku ya kwanza, ni dhuluma ya kweli, na kumwambia mtu huyo anyamaze kwa ajili ya mila ni kumwongezea dhuluma. Tena si kila anayegundua ameenda kutafuta. Uganda ni nchi yenye selimundu nyingi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walikuwa wamebeba chembe yake ya urithi, na ugonjwa wenyewe humpata mtoto aliyerithi chembe hiyo kutoka pande zote mbili, hivi kwamba mwanamume mwenye damu isiyo na chembe hiyo kabisa, anapokaa kliniki na mtoto mgonjwa na kupewa majibu ya watu wote watatu, anaweza kuelewa jambo ambalo hakuja kuuliza, huku muuguzi akitafuta pa kuangalia.

Lakini dhuluma ya mke kwa mume ni kesi kati ya mke na mume, na hapa ndipo mtindo wa Wandegeya unapokosea, kwa kuwa hukumu yake humwangukia mtu wa tatu ambaye hakudanganya yeyote. Mtoto wa miaka tisa aliyeitwa kwa jina la ukoo, aliyezoea bega fulani na sauti fulani, hakuwa akiishi katika kosa la hesabu lililosubiri kusahihishwa, na miaka hiyo tisa ni ushahidi wenye uzito kuliko mate yake, kwa sababu ndiyo iliyomfanya awe mtu. Mahakama ya Juu ya India imetembea njia hii kwa kuyumba: mwaka 2014 iliamua kwamba vinasaba vikigongana na dhana ile ya mwaka 1872, vinasaba vishinde, na mwaka 2023 ikasema kwamba vipimo hivyo visiamriwe ovyo ovyo, kwa kuwa mtoto naye ana haki ya nasaba yake kutotiliwa shaka kwa jambo dogo. Wafaransa hawakuyumba. Kwao kipimo cha ubaba hakifanywi ila kwa amri ya mahakama, na mtoto ambaye hati yake ya kuzaliwa inalingana na jinsi alivyolelewa kwa miaka mitano hawezi tena kukanwa na mzazi wala ndugu, akibaki mwendesha mashtaka wa serikali peke yake mwenye mlango. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2009 ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu, haimruhusu mtu kumshika mtoto mkono na kwenda naye kwa Mkemia Mkuu kwa hasira ya asubuhi, ila maombi yapitie kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisa wa ustawi wa jamii.

Uganda inaweza kuchukua kwa Wafaransa na kwa Watanzania bila kuivunja Sheria ya Watoto, kwa kuwa sheria hiyo tayari imekiweka kipimo mikononi mwa mahakama na kinachokosekana ni kuifunga njia ya pembeni. Kipimo cha ubaba cha mtoto aliye chini ya miaka 18 kisifanywe na maabara yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, bila amri ya Mahakama ya Familia na Watoto, isipokuwa kwa sababu za tiba. Mwanamume aliyemlea mtoto kama wake kwa miaka mitano, huku jina lake likiwa katika daftari la vizazi, asisikilizwe akitaka kumkana, ingawa abaki na haki ya kumdai fidia mke aliyemdanganya. Na mama anayeomba matunzo aendelee kuomba kipimo kama anavyoomba sasa, na gharama yake ibebwe kwanza na mwanamume anayekana. Mtoto mwenyewe asiguswe na ukomo huo, kwa hiyo akitimiza miaka 18 na kutaka kujua, awe na haki ya kuuliza hata kama kila mtu mwingine katika nyumba hiyo amekwisha kupoteza haki ya kumuulizia.